Huey inasimama vizuri Entebbe, kwa nini inazama Elena?

Msomaji wa Fort Portal ametuandikia hivi: "Shikamoo mtaalamu. Ninarusha UH-1H, ile helikopta iitwayo Huey, kwenye simuleta ya kompyuta. Nimeondoka Entebbe na kilo 4,000 kwa jumla, helikopta ikasimama hewani bila taabu. Nilipofika kibanda cha Elena kule Rwenzori, nikapunguza mwendo ili nisimame kabla ya kutua. Ikaanza kuzama, honi ikalia, pua ikazunguka kulia ingawa pedali ya kushoto nilikuwa nimeikanyaga mpaka mwisho. Geji ya msokoto (torque) haikuwa imefika mstari mwekundu. Je, huu mfano umetengenezwa vibaya? Na kama uko sawa, nitatuaje?"

Marahaba. Kwa hayo uliyoeleza, mfano wako una kila dalili ya kutengenezwa na mtu anayejua kazi yake. Ungetua Elena kama unavyotua Entebbe, hapo ningekuambia uufute. Kilichokuponza ni geji moja. Uliona sindano ya msokoto iko chini ya mstari mwekundu, ukahesabu kwamba injini ina akiba. Kule juu mstari ule hauzungumzii injini, unazungumzia giaboksi.

Injini ya Huey hii ni T53-L-13, yenye nguvu za farasi 1,400 usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Giaboksi yake inaruhusiwa kupokea 1,100 tu, na mstari mwekundu wa psi 50 (psi ndicho kipimo cha geji ya msokoto) umechorwa kuilinda hiyo giaboksi. Kwa hiyo pwani kuna nguvu 300 ambazo rubani haruhusiwi kuzigusa. Ukipanda, injini inapungukiwa, lakini inaanza kula ile akiba uliyokuwa huitumii, nawe huoni tofauti. Watengenezaji hufanya hivi kwa makusudi. Helikopta ya Lama ya Ufaransa, ambayo rubani Jean Boulet alipanda nayo hadi mita 12,442 mwaka 1972, ina injini ya nguvu 870 iliyofungwa isitoe zaidi ya 550.

Kwenye Huey, akiba ile inakwisha mapema kuliko watu wanavyodhani. Mchana wa joto pale Entebbe injini inabaki na kama 1,100, sawasawa na giaboksi. Kuanzia hapo kwenda juu, ukuta wa kwanza utakaougonga ni joto la ekzosi au N1 (kasi ya kompresa ya injini), na msokoto unaweza kuwa 41 huku injini imeshatoa yote iliyonayo. Mlimani tazama sindano hizo mbili kwanza.

Sasa tuitazame hewa, maana ndiyo inayoamua kila kitu, na ndipo simuleta nyingi zinapomdanganya mtu bila yeye kujua. Helikopta haijui uko mita ngapi juu ya bahari. Inajua uzito wa hewa inayopita kwenye mapanga. Kuupata ni kazi ya dakika moja: weka altimita kwenye hektopaskali 1013, presha ya kawaida ya usawa wa bahari, soma futi, huo ndio mwinuko wa presha. Soma kipimajoto cha nje. Joto la kawaida kwa mwinuko huo ni 15 toa nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Tofauti kati ya joto halisi na hilo la kawaida zidisha kwa 120, kisha jumlisha kwenye mwinuko wa presha. Jibu ndilo mwinuko ambao helikopta yako inauhisi.

Entebbe uwanja uko futi 3,782. Altimita kwenye 1013 itasoma kama 3,700. Joto la kawaida hapo ni nyuzi 7.6, lakini mchana ni 26, tofauti 18 na ushee. Helikopta inahisi iko karibu futi 5,900, na mita moja ya ujazo wa hewa ina uzito wa kilo 1.03 badala ya 1.225 ya pwani.

Elena iko mita 4,541, yaani futi 14,900 hivi. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi: altimita iliyo kwenye 1013 itasoma kama 14,200, si 14,900. Hewa ya joto ya ukanda wetu imevimba kwenda juu, hivyo presha inashuka polepole kuliko kwenye majedwali. Joto la mchana ni kama nyuzi 2, la kawaida ni hasi 13. Tofauti 15 mara 120 ni 1,800, jumla futi 16,000. Hewa ina kilo 0.75 kwa mita ya ujazo, pungufu ya robo ukilinganisha na ile uliyoiacha Entebbe.

Ukifungua simuleta na kuacha hali ya hewa ya kawaida ya kitabu, itakupa Elena yenye baridi ya hasi 14, kitu ambacho mchana wa pale haukijui. Baridi hiyo inaipa injini nguvu ya bure, na mapanga yanapata hewa nzito zaidi. Ndiyo sababu watu wawili wenye mfano ule ule na mzigo ule ule hubishana usiku kucha, mmoja akisema ametua, mwingine akisema haiwezekani. Wote wanasema kweli. Jihadhari pia unapoandika joto mwenyewe: programu nyingine hulichukulia kuwa la usawa wa bahari, nyingine la uwanja ulipo. Ukiandika 26 na kipimajoto cha ndani kikasoma 18 hapo Entebbe, umeshajua ni lipi. Amini kipimajoto cha ndani ya helikopta.

Kuhusu rota. Lori la matoke likianza kupanda Kanaba, dereva hushusha gia. Helikopta haina gia ya kushusha. Rota ya Huey inazunguka mara 324 kwa dakika pwani, na mara 324 hizo hizo Elena. Hewa ikiwa nyepesi, njia pekee ya kupata msukumo ule ule ni kuongeza pembe ya mapanga kwa mkono wa kushoto. Rota inalazimika kuisukuma hewa chini kwa kasi zaidi, na kasi hiyo inalipwa na injini.

Nimekupigia hesabu kwa kanuni ya kawaida ya rota, kwa helikopta ya kilo 3,600. Nimechukua 3,600 na si 4,000 kwa sababu Entebbe hadi Elena ni karibu kilomita 290, na Huey itakuwa imekunywa kama kilo 400 za mafuta ikifika. Matokeo ni ya kukadiria; mfano wako unaweza kupishana nayo kwa asilimia chache. Kusimama hewani juu mbali na ardhi, kwenye hewa ya Entebbe, kunahitaji nguvu kama 850, yaani msokoto wa psi 38 au 39. Kwenye hewa ya Elena kunahitaji 940, sawa na psi 43. Injini kule inatoa kama 900, sawa na psi 41.

Umekosa psi mbili. Ndiyo hadithi yote ya ajali yako, na uliitafuta kwenye geji inayoonyesha bado kuna tisa.

Angalia kilichofuata baada ya kukosa hizo mbili. Gavana ya injini, kifaa kinachoshika mizunguko isibadilike, imeomba mafuta mpaka mwisho, hakuna tena. Mizunguko inaanza kushuka. Msukumo wa rota unategemea mizunguko ikizidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo ikipungua asilimia 5 umepoteza karibu asilimia 10 ya msukumo. Helikopta inazama. Mkono wako wa kushoto, kwa mazoea ya Entebbe, unavuta juu. Pembe inaongezeka, mapanga yanakataa kuzunguka zaidi, mizunguko inashuka tena, honi inalia. Kila unachovuta kinakupunguzia. Dawa ni kinyume cha kile mkono unachotaka: shusha kidogo, labda upana wa vidole viwili vya mwendo wa mkono, sukuma pua mbele, uondoke kuelekea bondeni. Ukishapita noti 20 hivi za kasi, rota inaanza kuingia kwenye hewa safi na mahitaji ya nguvu yanaporomoka.

Pua kuzunguka kulia ni tawi la tatizo hilo hilo. Rota kuu ya Huey inazunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu, hivyo mwili unataka kwenda kulia, na rota ya mkia ndiyo inayouzuia. Kule Elena inatakiwa iuzuie kwa nguvu zaidi ya ile ya Entebbe kwa asilimia 10, kwa sababu injini inasokota zaidi, na ifanye hivyo katika hewa iliyopungua kwa zaidi ya robo. Ukipiga hesabu, mapanga ya mkia yanatakiwa kufanya kazi mara moja na nusu ya yale ya Entebbe. Kabla mizunguko haijashuka hata kidogo, pedali ya kushoto tayari ilikuwa karibu na mwisho. Mizunguko ilipoanguka, rota ya mkia nayo ikaanguka, kwa kuwa zimefungwa kwenye mashine moja. Ukiwa pia na upepo wa kutoka pembeni, hesabu umeimaliza. Ingia na upepo ukiwa usoni.

(Wanaorusha Mi-17 wasome aya hiyo kwa kioo: rota kuu yake inazunguka upande wa pili, pedali inayoisha ni ya kulia. Warusi walipoiongezea nguvu Mi-8 ili iwe Mi-17 waliihamisha rota ya mkia kutoka upande wa kulia kwenda kushoto, ifanye kazi vizuri zaidi.)

Kuna ukuta wa tatu ambao hukuugonga safari hii, lakini uko karibu: mapanga yenyewe. Kuna namba inayoonyesha panga limebebeshwa kiasi gani. Kwa kilo 3,600 ni 0.07 Entebbe na karibu 0.10 Elena. Ikipita 0.12 kwenda juu, panga linaanza kukataa kubeba. Ukikata kona ya nyuzi 45 juu ya barafu, mzigo unazidishwa kwa 1.4, namba inafika 0.14, na utasikia mtetemo mkali kisha pua inainuka bila kuombwa. Kule juu kona ziwe za nyuzi 20, basi.

Wengine wakisoma maelezo yako watasema uliingia kwenye pete ya hewa, yaani helikopta kuzama ndani ya hewa chafu inayosukumwa na rota yake yenyewe. Sidhani. Kuzitofautisha ni rahisi ukiwa na rekodi ya safari: kwenye pete ya hewa mizunguko inabaki mahali pake, na sindano ya kushuka inaruka ghafla hata kama injini ina akiba. Wewe honi ya mizunguko ililia. Hiyo ni kukosa nguvu. Ingawa, mtu anayeogopa kukosa nguvu hupenda kushuka wima haraka, akaipata na hiyo ya pili. Chini ya noti 30 usishuke zaidi ya futi 300 kwa dakika.

Na sasa kutua. Jibu liko kwenye mzani kabla ya kuondoka. Kwa kilo 3,200, mahitaji Elena yanashuka hadi nguvu 810 hivi, psi 37, dhidi ya 41 ulizonazo. Psi nne ni akiba inayotosha kusahihisha makosa ya mkono. Kwa hiyo usiende moja kwa moja. Tua Kasese, uwanja ulio kama mita 960 na kilomita 30 na kitu tu kutoka Elena. Helikopta tupu ni kama kilo 2,365, marubani wawili 170. Weka mafuta kilo 300: hiyo ni kupanda, dakika kumi za kuhangaika juu, kushuka, na akiba ya kama dakika 20. Inabaki kilo 365 za mzigo. Kilichozidi kiache Kasese, urudi kukichukua. Kujaza tangi "kwa usalama" ndiko kunakowaangusha wengi kwenye simuleta. Tangi la Huey likijaa ni zaidi ya kilo 600, nawe umebeba juu mlimani mafuta ya kukurudisha Entebbe.

Ukiwa Kasese, simama hewani futi 80 juu ya ardhi, si futi 5. Chini ya hapo rota inakalia mto wa hewa uliobanwa na ardhi, na geji itakupa namba tamu ya uongo. Andika msokoto. Hewa ya Kasese mchana ni karibu sawa na ya Entebbe, kwa hiyo ongeza asilimia 10 upate utakaohitaji Elena.

Panda. Ukifika usawa wa kibanda, kaa mbali nacho, ruka mlalo kwa noti 60, kisha vuta taratibu mpaka joto la ekzosi au N1 ifike kikomo, au mizunguko ianze kutikisika. Soma msokoto hapo hapo, rudisha mkono. Hiyo ndiyo nguvu uliyonayo leo, kwa joto la leo. Ikiwa haizidi mahitaji yako kwa psi 3, geuza urudi, hakuna ujanja wa mkono utakaoziba pengo hilo. Hita ya kabati izime kabla ya kipimo, maana inaiba hewa ya injini. Kinga ya barafu ya injini nayo inaiba, lakini ukiwa ndani ya wingu kwenye nyuzi sifuri utaihitaji, basi pima ikiwa imewashwa. Mawingu yakishakaa, ahirisha. Asubuhi mapema Rwenzori huwa na huruma zaidi.

Unapokaribia, geji ya kasi itakudanganya kwa upande wa pili. Noti 40 kwenye geji kule ni noti 51 za kweli hewani. Ardhi itapita haraka, utadhani una mwendo mwingi, utavuta pua juu mapema, na ghafla uko chini ya noti 20 ukiwa bado mita mia moja kutoka kwenye jabali. Kosa hili nalishuku hata kwako. Punguza mwendo polepole kwa kufuata geji, ufike kibandani na mwendo ukiishia pale pale, upande mmoja ukiwa na bonde la kukimbilia. Weka uamuzi wa mwisho noti 30: kama msokoto umeshafika ule uliouandika, nenda bondeni.

Utaambiwa kwamba kwa kilo 3,600 ungeweza kutua kwa kutegemea mto wa hewa wa ardhini. Kwenye uwanja tambarare, ndiyo, hesabu inakubali. Elena ni mwamba wenye mteremko, mto wa hewa unavuja upande mmoja. Tena simuleta nyingi huhesabu mto huo kwa urefu tu kutoka ardhini, bila kujali mteremko, kwa hiyo ukifanikiwa hutajua kama ni wewe au ni programu.

Ukitaka kuhakikisha mfano wako ni mkweli, zima misaada yote ya usukani, kisha fanya kipimo kile cha kuvuta mpaka kikomo mara tatu: futi 4,000, 9,000 na 14,000, uzito ule ule. Msokoto wa juu kabisa lazima upungue kila hatua. Ukibaki 50 mahali pote, injini imepewa nguvu moja isiyojua mwinuko, na kila utakachojifunza juu ya mlima kwa mfano huo ni bure. Ukipungua vizuri lakini pedali haisogei kati ya Kasese na Elena, tatizo liko kwenye rota ya mkia. Na ukikuta mtu anakuonyesha video ya R22, helikopta ndogo ya Robinson, imesimama Elena, muulize alitumia mfano gani: mwinuko wa juu ulioidhinishwa kwa R22, kwa hesabu ile ya hewa, ni futi 14,000.